Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Usafi wa mitaro Mtongwe, upimaji wa sukari na presha, futari ya mayatima na maziko ya mwenzetu mmoja, yote yalifanyika na mliyaona. Sitayarudia.

Nije kwenye shilingi 184,000 za chama, zilizokuwa za kununulia mahema na viti. Imesemwa kwamba mwenyekiti amezila. Sikuzila, ziliwaendea wagonjwa wa kifua kikuu.

Tarehe 20 Januari Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Haukupita muda, mradi uliokuwa ukiwalipa nauli wahudumu wetu 14 wa kufuatilia wagonjwa majumbani ukafungwa. Dawa za kifua kikuu zenyewe ni bure. Lakini humezwa miezi sita, na mgonjwa akipata nafuu mwezi wa pili huziacha, asipokuwa na wa kumbishia hodi. Ugonjwa huweza kumrudia ukiwa sugu, naye yuko chumba kimoja na wanawe. Machi nilimkuta mama wa namna hiyo Shika Adabu. Sikulala usiku ule.

Mnauliza mbona sikuwashauri. Mkutano wa Aprili niliuitisha kwa barua, kwa simu na kwa kipaza sauti. Kati ya wanachama 112 walikuja 19. Katiba yetu yataka wasiopungua 38. Nikaitisha wa pili, wakaja 23. Ndipo kamati ikapiga kura pesa hizo ziende kwa wagonjwa, watano kwa mmoja, na saini zipo.

Nauli ilikula 118,500, unga na uji 41,200, simu 9,800, zimebaki 14,500. Wagonjwa 31 walifuatiliwa: 27 wamemaliza dawa, wawili wamehama, mmoja yungali anaendelea, mmoja tumemzika. Wanne nilikuwa nikiwapeleka zahanati mimi mwenyewe, kwa tuktuk niliyoilipa mfukoni mwangu.

Wako wanaosema hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kazi yake, sikatai. Abuja mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti, na Kenya haijafika hapo. Lakini nakumbuka Desemba 1989, hospitali za umma zilipoanza kutoza ada. Watu waliacha kwenda, hata ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa mwaka uliofuata. Marehemu mamangu aliugulia homa yake nyumbani kwa majani ya mwarobaini, kwa kukosa hiyo ada. Sikutaka kuliona hilo tena mtaani kwangu huku nikilinda pesa za viti.

Ada yetu ni 200 kwa mwezi. Tulipaswa kupata 268,800, zimeingia 97,400. Wanachama 61 hawajalipa hata mwezi mmoja. Najua hali: tangu SHA, bima ya afya ya Serikali, ianze Oktoba 2024, asiye na mshahara hutakiwa angalau 300 kwa mwezi, na muuza viazi karai hana 3,600 za kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Aliyekwama aje tuzungumze, simfukuzi mtu. Linaloniuma ni kwamba waliopaza sauti zaidi kuhusu mahema wengi wao wamo katika hao 61.

Mwakani tunatumai kuiandikia Kaunti kuhusu posho za wahudumu, na Mungu akijalia, mahema pia yatapatikana.

Vitabu na risiti viko kwa mweka hazina. Atakaa ofisini Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, anayetaka kukagua aje.

Mwenyekiti