Salamu za Krismasi, na kidogo kuhusu kazi ya Mama

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwenu nyote, mlio karibu na mlio mbali.

Miaka yote salamu hizi alizituma Mama. Yeye anasema, mjukuu mmoja anaandika kwenye simu, na hazikuwahi kuzidi mistari mitatu: hatujambo, mvua imenyesha au haijanyesha, karibuni. Mwaka huu zimeniangukia mimi, nami kipaji chake cha kufupisha sikukirithi. Mtanivumilia.

Tulimzika Oktoba. Asanteni kwa kuja, kwa michango, kwa kukesha nasi. Kuna aliyelisha mifugo yetu siku zile zote bila kuagizwa na mtu, na mpaka leo hajajitaja. Tunamjua, ajue hivyo.

Lipo jambo limenikaa rohoni. Tulipokwenda kufuatilia cheti cha kifo, karani aliuliza kazi ya marehemu. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaandika: mama wa nyumbani. Simlaumu sana, foleni nyuma yetu ilifika mlangoni. Baba aliitazama ile karatasi kwa muda, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakusema neno njia nzima.

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mwanamke Mkulima. Nadhani Mama angeuliza swali moja tu: hizo sherehe ni saa ngapi, na ng'ombe atakamuliwa na nani?

Wiki iliyopita nilikuwa napanga vitu vyake nikakuta debe la mbegu chini ya kitanda. Mahindi, yamechanganywa na majivu yaliyochekechwa ili fukusi wasiyasogelee, na juu yake kipande cha karatasi ya daftari chenye mwandiko wake mkubwa: ZA KATIKATI. MSILE. Wageni wa kilimo niwafafanulie. Chavua ya mahindi hubebwa na upepo, kwa hiyo mistari ya pembeni hupokea sana ya shamba la jirani. Mama mbegu yake aliichagua katikati ya shamba, kwenye mashina yaliyosimama vizuri, tena mapema kabla ya mavuno, akiyafunga kitambaa ili tusiyavune kwa pupa. Kisha aliianika, na kila baada ya siku chache aling'ata punje moja. Ikiacha alama ya jino, bado. Ikipasuka kwa mlio, inaingia debeni. Nimeng'ata moja. Imepasuka.

Hayo yote aliyafanya akiwa "nyumbani".

Na sikukuu je? Ng'ombe hajui Krismasi. Asiyekamuliwa kiwele humjaa, kikamuuma, na akiachwa sana anaugua. Basi sisi tukivaa nguo mpya, Mama yuko bandani. Tukirudi kanisani, amerudi kabla yetu kwa njia ya mkato kuangalia kuku aliyeatamia, maana alihesabu zile siku 21 kidoleni na hakupenda vifaranga watoke yeye hayupo. Alikuwa wa mwisho kuoga na wa mwisho kukaa. Nimepekua picha zetu za Krismasi nikitafuta moja ya kuwatumia. Hayumo. Katika ya mwaka juzi, ukiikuza kabisa, upande wa kulia unaona ukingo wa ndoo na kiwiko cha mtu anayepita. Ndiyo hiyo niliyonayo.

Siku tatu baada ya mazishi kaka yangu na mimi tuliingia bandani. Tuliosha chuchu kwa maji ya vuguvugu, tukapaka mafuta, mchirizi wa kwanza tukaukamulia kwenye kikombe cheusi kutazama kama una mabonge, kama tulivyofundishwa utotoni. Hauna. Tukaanza kukamua. Ng'ombe akabana maziwa. Tukabembeleza, akapiga ndoo teke. Kaka akakasirika, kosa kubwa zaidi, maana ng'ombe akishtuka ndiyo hatoi kabisa.

Baba alikuwa ameegemea ukuta nje. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona akikamua, yeye ni mtu wa jembe na uzio, na huko bandani ilikuwa himaya ya Mama. Akasema taratibu, "Mleteni ndama kwanza. Anyonye kidogo, kisha mfungeni pale mbele mama yake amwone. Halafu keti upande wa kulia. Mama yenu hakuketi kushoto hata siku moja."

Tukafanya hivyo. Maziwa yakashuka.

Sikumuuliza alijuaje. Miaka zaidi ya 40 alikuwa akipita pale asubuhi na jembe begani, sisi tukidhani anapita tu.

Jioni yake aliitoa ile karatasi ya karani na miwani yake, akaomba kalamu. Cheti hakisahihishwi hivyo, nilimwambia, kuna utaratibu wake. Akasema anajua. Akakata maneno yale matatu kwa mstari mmoja na kuandika pembeni: mkulima. Ile karatasi iko kwenye debe la mbegu sasa, na utaratibu tumeuanza, tutaona mwakani.

Kwa hiyo karibuni sikukuu, nyumba iko wazi kama zamani. Baba anawasalimu, afya yake nzuri isipokuwa goti. Mbegu za katikati tutazigawa, kila nyumba kikombe kimoja, na zile za kupanda msizile, mmeshaambiwa. Mtakaolala, kukamua ni alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri. Ndoo iko nyuma ya mlango wa jikoni. Keti kulia.