Pimeni lami kwanza kabla mmwage simiti

Mhariri,

Huku Kisumu watu wamechoka na lami, pale kwa raundabauti malori ya Busia yanaposimama na jua limewaka inabonyea mpaka unaona mifereji ya tairi, so wengi wanasema tuwekewe simiti juu tumalize. Mimi naunga mkono kabisa. Lakini naomba sana wasimwage ovyo.

Hiyo simiti nyembamba, milimita 50 hadi 100, haibebi trela peke yake, inasaidiwa na lami iliyo chini. Zikishikana vizuri zinabeba mzigo kama kitu kimoja, zikiachana simiti inabaki yenyewe na hapo lazima ipasuke. Kuna mahali karibu na kwetu mkandarasi mmoja alimwaga juu ya lami imejaa vumbi, hata kufagia hakufagia, sasa pembe zinakatika na ukigonga na chuma unaskia kabisa ndani ni wazi, mvua ikinyesha maji yanaingia hapo na trela ikipita yanaruka juu na matope.

Na hii mipasuko unaweza kuijua mapema! Toboa lami utoe kipande uangalie, ikiwa baada ya kukwangua ile ya juu iliyoharibika lami itabaki chini ya milimita 75, ama kipande kinatoka kimemeguka kokoto zimeachana, hapo si mahali pa simiti nyembamba. Pia ukumbuke lami ikipata joto inalegea, kwa hivyo hesabu ya nguvu yake ya saa mbili asubuhi na ya saa nane mchana si moja, na Kisumu unajua jua lake. Halafu uhesabu ekseli nzito zinazopita, si magari tu, probox elfu moja haziharibu kama trela iliyozidisha mzigo.

Mahali pa kukata simiti, ile mikato ya kuigawa vipande vipande, nako watu wanapuuza. Marekani, kule Minnesota, walijaribu kwa barabara kuu mwaka wa 1997, vipande vya mita 1.2 mkato uliangukia pale pale tairi inapopita na pembe zikavunjika, vile vikubwa kidogo vya upana wa mita 1.8 vikavumilia zaidi kwa sababu tairi inapita mbali na ukingo. Na mkato ukatwe siku hiyo hiyo simiti ikishika tu, ukingoja kesho itakuwa imejipasua yenyewe inapotaka.

Kwa hivyo mradi ukija, wananchi tuonyeshwe vipande vya lami vilivyotolewa na hesabu ya malori kabla mixer haijafika. Kama hawana, wasimwage.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu