Bibi yako hakunilea kipuritani

Mwanangu,

Insha yako nimeisoma jana usiku, mara mbili, unaandika vizuri sana siku hizi na nimefurahi, ila kuna neno limenikaa kooni. Umesema refa alitoa kadi "kipuritani", halafu chini kidogo ukasema bibi alinilea "kipuritani". Ya refa ni ndogo, hapo weka "vikali" basi. Ya bibi ndo imenifanya nishike kalamu.

Hiyo ki- ni ileile ya kitoto, kijeshi, kiungwana, yaani kufanya jambo kama watu fulani wanavyofanya, kwa hiyo lazima uwajue hao watu kwanza. Wapuritani walikuwa Wakristo wa Uingereza, karne ya 16 na 17, waliotaka kanisa lao lisafishwe libaki na yaliyomo kwenye Biblia tu, na hilo jina la usafi walibandikwa na waliokuwa wanawakejeli. Mwaka 1642, Bunge likiwa na wengi wa mrengo wao, majumba ya maigizo London yakafungwa. Huko Massachusetts, koloni la Waingereza Amerika walikohamia baadhi yao, 1659, wakapitisha sheria kwamba ukikutwa unasherehekea Krismasi, umeacha kazi au unafanya karamu, faini ni shilingi 5, na ikakaa hivyo mpaka 1681. Bia walikunywa lakini, usije ukadhani walikataa kila kitu.

Sasa ona huo ukali ulikuwa unalenga nini. Mtu akiishi kipuritani au akihukumu wenzake kipuritani maana yake anaitilia shaka starehe yenyewe, anaona kicheko kikizidi kidogo tu tayari dhambi inanukia, na anataka na jirani aishi hivyo hivyo. Kufoka siyo upuritani, hata mtu mpole asiyepaza sauti kabisa anaweza kuwa hivyo. Na ukishamwambia mtu neno hili umemhukumu, halisemwi kama sifa.

Bibi yako alikuwa mkali kweli, nikichelewa kurudi namkuta amekaa mlangoni giza limeingia na kanga ameikunja mkononi, na siku hiyo sisemi kitu. Ila alikuwa anaogopa lisinipate jambo huko nje, basi. Redio ikipiga wimbo anaoupenda aliacha kufua akacheza, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko, na mimi ananivuta tucheze wote.

Kwa hiyo pale futa, andika "alimlea kwa ukali", na hiyo ya povu iweke pia kama nafasi ipo.

Mama