Ethi si nukta ya pamoja

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe mafundi wenzangu wa Moshi, hasa wanaofunga umeme wa jua na vipaza sauti makanisani na misikitini, kwamba katika umeme wa mkondo mnyoofu (DC), kama wa betri na paneli za jua, nukta ya pamoja ni mahali njia zote za mkondo kurudi kwenye chanzo chake zinapokutana na ambapo volti hupimwa kuanzia hapo, ilhali ethi ni muunganisho wa kwenda ardhini kwa ajili ya usalama.

Kinachonisikitisha ni desturi ya kurudisha mikondo yote kwa waya mmoja mwembamba. Waya wenye ukinzani wa omu 0.05 ukipitisha ampea 10 hupoteza volti 0.5, na kwa kuwa mkondo wa amplifaya hupanda na kushuka, upotevu huo hubadilika nao na kuingia katika sakiti nyeti ya maikrofoni. Kila kifaa kipewe waya wake wa kurudi hadi nukta moja, nayo, inapohitajika, iunganishwe na ethi mahali pamoja tu.

Wapo wanaokata waya wa ethi kwenye plagi ili kuondoa mvumo unaosikika kwenye vipaza sauti. Hilo ni kuhatarisha maisha ya mtu atakayeshika bodi ya chuma ya kifaa siku umeme utakapovuja, na naomba likome.

Fundi wa elektroniki,
Moshi