Barua kwa mwanangu: pen na pencil si ndugu

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba pencil ya Kiingereza lazima iwe mtoto wa pen. Masikio yamekudanganya. Nasaba ya neno haijulikani kwa linavyosikika leo. Hufuatiliwa nyuma, lugha baada ya lugha.

Pen ya kuandikia ni penna ya Kilatini, yaani unyoya, iliyopitia Kifaransa cha kale. Kalamu ya Ulaya ilikuwa unyoya kweli, hasa wa bata bukini. Mwandishi wa mkono wa kulia alipendelea unyoya wa bawa la kushoto, kwa kuwa hupinda kuyakwepa macho yake. Bua la unyoya hulowekwa majini, kisha huchomekwa kwenye mchanga wa moto ili liwe gumu. Moto ukizidi, hukauka mno na kukatikakatika. Ukipungua, hubaki laini na ufa wake huwa na nyuzinyuzi. Halafu hukatwa mshazari, hupasuliwa katikati ya ncha ili wino ushuke, na huchongwa pande zote mbili. Ufa ukienda kombo, wino hauji sawasawa. Ncha ilichakaa upesi, ndiyo maana kisu kidogo cha mfukoni kinaitwa penknife mpaka leo: kazi yake ilikuwa kuichonga upya. Hata ule uti mwembamba ulio ndani ya ngisi huitwa pen, kwa umbo lake la unyoya. Huwa napenda kwamba mnyama mwenye wino amepewa kalamu pia.

Pencil ni ukoo mwingine kabisa. Kilatini penicillus ni kijimkia, kisha brashi, na zamani pencil ilikuwa brashi nyembamba ya mchoraji. Karne ya 16 grafiti, madini meusi laini yanayoacha alama, ilipopatikana Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, kijiti chake kikarithi jina hilo. Ndugu wa kweli wa penseli ni dawa ya penisilini: Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928 kutoka kwa kuvu wa Penicillium, ambaye vitawi vyake chini ya hadubini vinafanana na brashi.

Pen yenye maana ya zizi ni neno la Kiingereza cha kale, penn, lisilohusiana na unyoya. Na Wamarekani wakiliita gereza pen, wamefupisha penitentiary, lenye mzizi wa Kilatini unaomaanisha toba. Wengi huliunganisha na zizi kwa sababu maana inakaa vizuri mno. Hapo ndipo uwe mwangalifu zaidi.

Kamusi nzuri ya Kiingereza itakusaidia. Tazama namba ndogo iliyo juu ya neno: kwa kawaida kila namba ni asili yake, na maana zilizo chini ya namba moja ni za ukoo mmoja. Ukikutana na penned, tazama kinachofuata. Kama ni kondoo, wamefungiwa. Kama ni barua, imeandikwa.

Ajabu ni kwamba penna na feather, zisizofanana hata kidogo, zina mzizi mmoja wa kale wenye maana ya kuruka. P ya Kilatini mara nyingi hukutana na f ya Kiingereza: pater na father, piscis na fish.

Na kalamu yetu? Ni qalam ya Kiarabu, inayorudi kwenye kalamos ya Kigiriki: tete, ule mmea wa kando ya maji wenye bua lililo wazi ndani. Nalo lilichongwa na kupasuliwa ncha.

Mama yako