Tuache kuwalaumu wanaobofya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na wakuu wa taasisi na kampuni ambao, kila wakiibiwa mtandaoni, humlaumu mfanyakazi aliyebofya kiungo cha ulaghai, na dawa yao ni kuitisha semina. Mtoa mada huonyesha barua pepe iliyojaa makosa ya tahajia na ahadi ya urithi, kisha huwaasa wafanyakazi wawe macho. Tangu ChatGPT, programu ya akili unde inayoandika kama mtu, ilipotoka mwishoni mwa 2022, somo hilo limepitwa na wakati. Tapeli asiyejua hata neno moja la lugha yako sasa anakuandikia kama mhasibu mwenzako, anautaja mradi mnaoufanya, na akitaka anakupigia kwa sauti ya bosi wako.

Mwaka 2024 ilifahamika kuwa mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alihamisha takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya mkutano wa video ambamo wakubwa na wenzake walikuwa sura za kutengenezwa kwa akili unde. Barua pepe ya kwanza aliitilia shaka, kama semina zinavyofundisha. Sura ndizo zilizomtoa shaka. (Kisa hicho kinahusu zaidi taratibu za kuidhinisha malipo kuliko kuingia kwenye akaunti, lakini kinaonyesha kuwa jicho la mtu haliwezi tena kutegemewa kutambua ulaghai.)

Najua wengi watajibu: sisi tumeshajikinga, kila anayeingia hutumiwa namba ya tarakimu sita kwa meseji. Namba hiyo haitoshi. Ukurasa bandia wa siku hizi husimama katikati ya mfanyakazi na tovuti halisi. Mfanyakazi akiandika nywila, inapelekwa papo hapo kwenye tovuti halisi. Tovuti halisi inatuma namba kwenye simu yake, naye anaiandika palepale alipo, nayo inapelekwa mbele kabla muda wake haujaisha. Tovuti inaridhika, inatoa kuki ya kikao, yaani alama inayoiambia tovuti kwamba mtu huyu ameshaingia, na kuki hiyo inabaki mikononi mwa tapeli. Mwenye akaunti anaona kila kitu kimefunguka kama kawaida, anaendelea na kazi zake. Kitufe cha "Kubali" kinachotokea kwenye simu kuthibitisha kuwa ni wewe unayeingia nacho si kinga ya kutosha: Septemba 2022 mvamizi aliingia kwenye mifumo ya Uber, kampuni ya usafiri wa teksi, baada ya kumtumia mkandarasi wake mmoja maombi hayo mfululizo, mpaka akakubali.

Kinga iliyopo ni ufunguo wa usalama wa FIDO2, kiwango cha kimataifa cha kuingia kwenye akaunti bila kutegemea nywila, uwe kifaa kidogo cha kuchomeka au ufunguo wa siri (passkey) uliomo ndani ya simu na kompyuta. Ukiandikishwa, hufungwa kwenye anwani ya tovuti husika. Wakati wa kuingia, kivinjari chenyewe ndicho kinachotaja kipo kwenye anwani gani, wala hakimuulizi mtumiaji. Herufi moja ikitofautiana, ufunguo hautoi saini ya kidijitali inayoruhusu kuingia. Mfanyakazi anaweza kuwa amechoka, au amedanganyika kabisa na ana hamu ya kusaidia, lakini hana cha kumpa mwizi kitakachomwezesha kuingia, kwa kuwa siri haipiti mikononi mwake.

Julai 2022 wafanyakazi wa Cloudflare, kampuni ya huduma za usalama wa mtandao, walipelekewa meseji za ulaghai, na watatu wakaandika nywila zao kwenye ukurasa bandia. Wavamizi hawakuingia, kwa sababu kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo. Twilio, kampuni ya huduma za mawasiliano iliyoshambuliwa kwa mtindo kama huo kipindi hichohicho, ilivamiwa. Google nayo ilisema mwaka 2018 kwamba tangu iwape wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 funguo hizo, hapakuwa na akaunti ya kazi iliyoripotiwa kutekwa kwa hadaa.

Sasa nifike kwenye uzembe unaonikera zaidi. Taasisi inanunua funguo, inawagawia watu, kisha inaiacha ile njia ya meseji wazi "kwa dharura". Tapeli hahitaji kuuvunja ufunguo. Anabofya "Jaribu njia nyingine" na mnarudi kulekule. Au anapiga simu kitengo cha TEHAMA, anajifanya amepoteza simu, na kijana wa zamu, kwa ukarimu wake, anamfungulia. Mpeni kila mtu funguo mbili, zimeni njia za zamani, na anayedai amepoteza zote athibitishwe ana kwa ana, au na msimamizi wake kupitia namba iliyokuwapo kwenye kumbukumbu kabla ya simu hiyo kupigwa.

Kama fedha haitoshi kwa wote, anzeni na wasimamizi wa mifumo, idara ya fedha na barua pepe. Na wakurugenzi wasiombe kuondolewa kwenye utaratibu eti unawachelewesha. Katika ofisi nyingi wao ndio wa kwanza kuomba, na akaunti zao ndizo matapeli wanazozitafuta.

Wako,
Msimamizi wa mifumo ya kompyuta