Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wa viti, wastani na script tulizokaribia kuzitupa

Ndugu wanachama, wakubwa shikamooni, vijana mambo zenu.

Najua taarifa ya mwenyekiti huwa mnaifungua, mnashuka haraka mpaka kwenye hela, afu mnafunga. Sasa safari hii hela hamzikuti humu, mweka hazina kaandika ya kwake, mahesabu yamekaguliwa, someni huko na maswali muulizeni yeye. Kamati imekutana kama katiba inavyotaka, wajumbe wawili wamepumzika kwa hiari yao na tunawashukuru, na ule mgogoro wa nani anashika funguo za stoo ya mavazi umeisha, naomba usifufuliwe. Basi, hayo ya ofisi yameisha. Nataka niongelee shindano letu la tamthilia mpya, manake ndo limekula mwaka wangu wote.

Mtakumbuka kwenye mkutano mkuu uliopita mama mmoja alisimama kule nyuma akauliza, hivi kwa nini tamthilia zinazoshinda hapa kwetu zinapewa cheti, zinapigiwa makofi, afu hakuna dairekta hata mmoja anayezigusa? Watu walicheka, mimi nikajibu jibu la kisiasa tukaenda kwenye ajenda nyingine. Lakini swali lile lilinikaa. Nilirudi nikachukua script zilizoshinda miaka ya nyuma nikazisoma tena moja baada ya nyingine, na kiukweli zote ni safi, hazina kosa la herufi, matukio yamepangwa vizuri, mwisho unafunga kila kitu, na zote zinafanana utadhani zimeandikwa na mtu mmoja mwenye adabu sana. Hamna hata moja iliyonifanya nitamani kuona taa zinawaka.

Nikajiuliza shida ni watunzi au ni sisi. Ni sisi, na ugonjwa wenyewe ni hesabu ya darasa la nne tu. Tulikuwa tunampa kila script wasomaji wawili, kila mmoja anatoa alama chini ya 10, tunatafuta wastani. Sasa chukua script moja, msomaji wa kwanza kaipenda mpaka kakosa usingizi kaipa 9, wa pili kaichukia kaipa 3, wastani 6. Chukua nyingine, wote wawili wamesema ah, siyo mbaya, wakaipa 7, wastani 7. Inapita ipi? Ile ya siyo mbaya. Yaani kwa miaka yote tulikuwa tumejenga mashine nzuri kabisa ya kuchuja kila kitu kinachogombanisha watu, afu tunashangaa zinazobaki hazina moto. Tamthilia mpya kweli mara nyingi inagombanisha, kwa sababu mtunzi kafanya kitu ambacho wewe msomaji hujazoea kukisoma, na wasomaji wawili hawazoei vitu kwa kasi moja.

Wala siyo sisi wa kwanza. Mwaka 431 KK pale Athens, Euripides alipeleka kundi la tamthilia ambalo ndani yake kulikuwa na Medea, washindani walikuwa watatu na yeye akawa wa tatu. Yaani wa mwisho! Aliyekuwa wa kwanza ni Euphorion, mtoto wa Aeschylus yule mtunzi mkubwa wa zamani, na leo hata ninyi watu wa fani wengi mnalisikia jina lake hapa kwa mara ya kwanza. Na wenzetu wale walikuwa wamejitahidi kwenye utaratibu, majaji walipatikana kwa kura ya bahati nasibu ili pasiwe na kupangana. Utaratibu ulikuwa safi lakini jicho likapitwa. Au tuje karibu, mtunzi Mmarekani August Wilson alituma script zake mara kadhaa kwenye kongamano la watunzi la O'Neill kule Marekani wakawa wanazirudisha tu, mpaka 1982 walipoichukua tamthilia yake Ma Rainey's Black Bottom, miaka miwili baadaye ikawa Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, na mwaka 1987 akachukua Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi kule Marekani, kwa tamthilia nyingine. Kilichonigusa mimi kwenye hadithi hiyo ni kwamba aliendelea kutuma. Nikawaza, je kwetu, yule tuliyemrudishia mara mbili bila hata mstari mmoja wa maelezo, atatuma mara ya tatu?

Basi mwaka huu tukabadilisha mambo matatu, na naomba niyaeleze kwa urefu unaolingana na kelele zilizopigwa.

Kwanza majina. Tulitoa majina kwenye script zote, kila script ikapewa namba, orodha ya nani ni nani akabaki nayo katibu peke yake. Hii wengi mliiunga mkono na wenzetu wa mashindano makubwa wanafanya, Bruntwood kule Uingereza tangu ilipoanza 2005 script zinasomwa bila jina la mtunzi. Tulidhani ni kazi ya dakika mbili, unafuta ukurasa wa kwanza basi. Thubutu. Jina la mtunzi linabaki kwenye taarifa za faili, unabonyeza kidogo unaliona hilo hapo, kuna mmoja kaweka jina lake chini ya kila ukurasa, na kuna mwingine mhusika mkuu wake anaitwa jina lake yeye mwenyewe na ndo shujaa. Katibu kateseka. Na hata ukifuta yote, fani yetu ni ndogo, unasoma kurasa 5 unajua hii ni mkono wa fulani. Tukakubaliana ukimtambua mtu unasema, script inahamia kwa msomaji mwingine, hakuna kuulizana maswali. Wasomaji walisema, na nawashukuru kwa uungwana huo.

Pili, tuliua wastani. Alama bado zinaandikwa lakini hazijumlishwi. Badala yake kila msomaji alipewa haki ya kuokoa script moja, yaani hata kama dunia nzima imeikataa wewe ukisema hii inaingia basi inaingia kwenye orodha fupi, sharti moja tu, uje mbele ya jopo useme kwa nini bila kusoma karatasi. Kwenye kamati kuna waliosema huu ni upendeleo uliohalalishwa. Mimi nikasema sawa, ni upendeleo, ila ni upendeleo wa script na siyo wa mtu, manake jina hulijui. Bado hatujakubaliana, mtausikia ubishi huo kwenye mkutano.

Tatu ndo iliyonivua nguo mimi mwenyewe. Orodha fupi yote ilisomwa kwa sauti, waigizaji wamesimama, script mkononi, hamna mavazi hamna mapambo, viti na meza tu.

Katika fungu langu la kusoma ilikuwepo script ya ndugu wawili wanaogawana vitu vya marehemu baba yao. Herufi zimekosewa kila mahali, maelekezo ya jukwaa ni yaleyale, anachukua kiti, anachukua kiti, anachukua kiti, ukurasa mzima wanaongea mambo ya kawaida kabisa ya bei ya vitu na nani alimuuguza mzee, na katikati anachukua kiti. Nikasema huyu mtunzi mvivu, hajui cha kuwafanyisha wahusika. Nikampa 3 na nikaandika maoni makali kidogo. Msomaji mwenzangu kampa 9. Mwaka juzi ingekufa palepale. Safari hii yule dada akaiokoa, akasimama mbele ya jopo akasema sentensi moja tu, "Hesabuni viti," akakaa.

Siku ya kusoma wale waigizaji wawili wakaanza, viti vimejaa jukwaani, kila mmoja akigombania chake anakitoa pembeni. Wanaongea, wanatoa. Wanaongea, wanatoa. Hakuna aliyetuambia kitu lakini taratibu ukawa unaona nafasi inaongezeka kati yao, na wale watu wanazidi kusimama mbali mbali, mpaka kimebaki kiti kimoja katikati na wote wawili wamesimama, hakuna anayekaa na hakuna anayekichukua. Ukumbi ulinyamaza. Ile ilikuwa imeandikwa yote kwenye karatasi, neno kwa neno, mimi ndo sikuiona kwa sababu nilikuwa nasoma kama nasoma hadithi, nafuata maneno, wakati mtunzi alikuwa anaandika kwa viti.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu mnaniuliza kila siku tunatafuta nini. Hicho. Script inayohitaji watu wasimame ndo uielewe. Watunzi wetu wengi mnaandika vizuri lakini mnachoandika ni riwaya iliyokatwa katwa na majina pembeni, au sinema, tukio la kwanza baharini la pili angani la tatu miaka 20 iliyopita. Kuna maelekezo ya jukwaa nimesoma mwaka huu yanasema "anakumbuka utoto wake na kugundua kwamba hakuwahi kupendwa". Ndugu yangu, mwigizaji atafanyaje hapo? Atakuna kichwa? Na kuna wale wanaomleta mhusika wa mwisho aje kutufundisha, mzee mwenye busara anaingia dakika 10 kabla ya pazia anaeleza kila kitu. Huyo mzee mwacheni apumzike.

Jaribio langu dogo ninalolitumia, na nawaruhusu mlitumie kabla hamjatuma: funika majina ya wahusika kwa karatasi usome mazungumzo peke yake. Kama hujui nani anaongea maana yake wote ni wewe. Halafu angalia kila tukio, kuna mtu anataka kitu kutoka kwa mwenzake sasa hivi? Kama wote wawili wanakubaliana na wanatupa taarifa tu, kata. Herufi na mpangilio wa ukurasa hivyo vinarekebishika kwa wiki moja. Sikio la mazungumzo na jicho la jukwaa hayarekebishiki kwa wiki, kwa hiyo msomaji anayeikataa script kwa sababu ya koma anakataa kitu kisicho sahihi.

Kuhusu script zilizoandikwa na kompyuta, ndiyo zilikuja, hapana hatuna kifaa cha kuaminika cha kuzikamata, na hatutamtuhumu mtu kwa hisia. Nitasema tu kwamba nyingi tulizozishuku zilianguka zenyewe, zilikuwa zile za 7 na 7.

Mshindi wa kwanza mnamjua tayari, jopo lilikubaliana bila kuvutana sana na sina haja ya kurudia. Ile ya viti ilishika nafasi ya pili. Kuna mjumbe alitaka tusitoe nafasi ya kwanza kabisa mwaka huu kwa hoja kwamba hakuna iliyokamilika, akatukumbusha mwaka 1963 Pulitzer ya tamthilia haikutolewa. Nikamjibu kwamba ule mwaka jopo lilikuwa limependekeza Who's Afraid of Virginia Woolf? ya Edward Albee, bodi ya juu ndo ikakataa, na watu wawili wa jopo wakajiuzulu, kwa hiyo mfano wake unanisaidia mimi kuliko yeye. Tulicheka lakini hoja yake siyo ya kupuuza. Sisi tunatafuta tamthilia changa yenye dalili, kama tunataka iliyoiva tuite shindano jina lingine. Na ikiwa ni changa, basi zawadi isiwe cheti. Kamati inapendekeza zawadi iwe wiki mbili za mazoezi, dairekta mmoja, waigizaji, na mtunzi akae pale ndani akiandika upya usiku kile kilichokwama mchana. Mweka hazina anasema inawezekana tukiacha hafla ya chakula. Mtapiga kura.

Pia kamati inaomba wasomaji zaidi, hasa waigizaji na watu wa taa na jukwaa, siyo watunzi na walimu wa fasihi peke yetu. Kama kungekuwa na fundi jukwaa mmoja kwenye fungu langu angeviona vile viti ukurasa wa pili.

La mwisho linanihusu mimi na ningependa mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwingine. Tuliamua mwaka huu kila mtunzi apate barua ya maoni, na barua zikatoka mara tu baada ya raundi ya kwanza, kabla ya kusoma kwa sauti. Tulifanya haraka tukijisifu. Kwenye barua ya yule mtunzi wa viti maoni yangu makali yalikuwemo, nimeandika kwa mkono wangu "viti vimezidi, punguza". Wiki iliyopita katuletea toleo jipya kwa ajili ya kitabu chetu cha mwaka. Herufi zote zimenyooka, mazungumzo yamekazwa, na jukwaani kuna kochi moja. Nimemwandikia barua ndefu kumwomba radhi na kumwomba arudishe viti vyote. Mpaka naandika taarifa hii hajajibu, na mwenye mawasiliano naye ya karibu tafadhali amwambie mwenyekiti anamtafuta.